Goli Linapotangulia kwa Jirani: Kisimbuzi au Intaneti?

Siku ya dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, nilikaa sebuleni kama mfalme. Runinga janja ukutani, ruta inawaka taa zote, mechi nimeilipia kwenye programu na kuirusha kwenye kioo kikubwa. Dishi liko juu ya bati lakini kisimbuzi nilikuwa nimeacha kukilipia tangu mwezi uliopita, na nilikwisha jisifia kwa majirani kwamba mimi na mambo ya vifurushi basi. Kwenye kioo changu kiungo bado anatafuta wa kumpasia katikati ya uwanja. Mara kibanda umiza cha mtaa wa nyuma kikalipuka. Vuvuzela, sufuria, watoto wanakimbia barabarani. Mimi nikabaki namtazama yule kiungo, nikijua kabisa kwamba ndani ya nusu dakika kuna goli, na kwa kelele zile nikijua hata la nani.

Kuchelewa huko si ubovu wa mtandao wangu. Ndivyo teknolojia yenyewe inavyofanya kazi. Picha inayokuja kwa intaneti hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kifaa chako hujiwekea akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuanza kukuonyesha, ili mtandao ukiyumba picha isigande. Dishi halina haja ya akiba hiyo. Mawimbi yanapanda kilomita karibu 36,000 hadi kwenye setilaiti na kushuka tena kwa takriban robo sekunde, na hata ukiongeza muda wa mitambo ya kusimba na kusimbua, bado jirani mwenye dishi atashangilia kabla yako.

Nimeanza na goli kwa sababu linaonyesha tofauti ambayo wauzaji wa vifaa hawaitaji. Setilaiti haihesabu watazamaji. Ikishusha mawimbi juu ya Tanzania, wakiyapokea watu elfu moja au milioni tatu, gharama ya kuyashusha ni ile ile. Intaneti hupeleka nakala ya peke yake kwa kila anayetazama, na kila nakala kuna mtu anailipia. Huku kwetu, mara nyingi mtu huyo ni wewe, kwa bando.

Tupige hesabu, maana mjadala huu mitandaoni huendeshwa kwa hisia tu. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya kawaida hula takriban GB 1, na ya HD (picha kali) hadi GB 3. Nyumba inayowasha runinga saa tatu kwa siku, yaani taarifa ya habari, tamthilia moja na katuni za watoto, itakula GB 90 kwa mwezi kwa picha ya kawaida, au GB 270 kwa HD. Tuseme unapata GB moja kwa Sh 1,500. Picha ya kawaida peke yake imekugharimu Sh 135,000, na hapo hujalipia huduma yenyewe ya filamu. Kifurushi cha kawaida cha kisimbuzi cha kampuni za hapa nyumbani hakifiki theluthi ya fedha hizo. Na saa tatu kwa siku nimehesabu kwa huruma. Nenda kwenye nyumba yenye bibi, dada wa kazi na watoto wa likizo uone kama runinga hiyo inazimwa.

Kwa hiyo anayekwambia “intaneti ni bei rahisi kuliko king'amuzi” muulize kwanza: nyumbani kwako intaneti inaingiaje? Kama ni faiba (waya wa intaneti unaofika hadi nyumbani) au laini isiyo na kikomo ya kulipia kwa mwezi, yuko sahihi, na hapo mimi mwenyewe nasimama upande wake. Kwa aliye na faiba Nairobi, Mombasa au kwenye mitaa ya Dar es Salaam iliyofikiwa, intaneti ameshailipia kwa ajili ya kazi na masomo ya watoto, na runinga inapanda juu yake bure. Hapo dishi linaanza kuonekana kama kulipa nauli mbili kwa safari moja. Kwa anayeishi kwa bando la simu, hesabu inageuka kabisa, na hao ndio wengi.

Tusijifanye pia kwamba visimbuzi vilitufikia kwa mapenzi. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, mtu aliyekuwa na runinga na antena yake ya mti alilala akiwa na picha na kuamka akiwa na chenga. Kununua king'amuzi lilikuwa sharti. Kenya walipitia yao Februari 2015, stesheni kubwa za Citizen, NTV na KTN zilipotoweka hewani kwa wiki kadhaa katika mvutano wa kuhamia dijitali. Agosti 2018 ikaja nyingine, huku Tanzania: chaneli za bure kama ITV, Channel Ten, Clouds na Star TV zikaondolewa kwenye visimbuzi vya Azam, DStv na Zuku, kwa hoja kwamba leseni za kampuni hizo hazikuruhusu kubeba chaneli hizo. Baadaye zilirejea, ila kwa muda ule mtu alikuwa na dishi la kulipia lenye chaneli za Afrika Kusini na Uingereza, na taarifa ya habari ya ITV anaitafuta kwa jirani.

Ndiyo maana Netflix ilipojifungua kwa nchi zaidi ya 130 kwa mpigo mmoja Januari 2016, zetu zikiwemo, wengi waliiona kama ukombozi. Hakuna fundi wa kupanda juu ya bati. Hakuna kupigia huduma kwa wateja kuomba wakurudishie chaneli baada ya kulipa. Mvua za masika zikichachamaa, dishi linakata na kuandika kwamba hakuna mawimbi, mwenye faiba anaendelea. Unalipa mwezi huu, mwezi ujao unaacha, hakuna anayekuja kudai kifaa. Umeme ukikatika unamalizia kipindi kwenye simu. Na kwa Mtanzania aliyeko Muscat au Minnesota, intaneti ndiyo dishi pekee linaloona nyumbani.

Hapa kwetu, lakini, mfalme wa kutazama kwa intaneti ni YouTube. Huko ndiko ziliko bongo muvi, mahubiri, taarabu, marudio ya tamthilia, vichekesho na taarifa ya habari mubashara. Huduma za filamu za kulipia zina hazina kubwa, lakini ya Kiswahili humo ni ya kutafuta kwa tochi, na malipo yake mara nyingi huhitaji kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya pesa za simu, wakati kisimbuzi unakilipia kwa wakala aliyekaa chini ya mwavuli. Nimeshuhudia wazee wakisamehe huduma nzuri kabisa kwa sababu hiyo moja tu.

Tena bei nafuu ya kuanzia isitulaghai. Marekani, ambako watu walikata waya za kebo kwa mamilioni, Sling TV, huduma ya kutazama chaneli za runinga kwa intaneti, ilianza 2015 kwa dola 20 kwa mwezi, na YouTube TV, huduma kama hiyo ya kulipia, ikaja 2017 kwa dola 35, zote zikijinadi kama mwisho wa bili kubwa. Januari 2025 YouTube TV ilikuwa imefika dola 82.99. Mpira wao ukagawanywa: mechi za Alhamisi za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, zikaenda Amazon mwaka 2022, kifurushi cha mechi za Jumapili kikaenda YouTube 2023, nyingine zikabaki kwingine. Shabiki aliyekimbia bili moja nene akajikuta na bili nne nyembamba. Ushindi wa intaneti kule haupingiki: kwa takwimu za Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, Mei 2025 kutazama kwa intaneti kulizidi kebo na matangazo ya hewani yakijumlishwa pamoja. Ila unafuu uliotangulia mbele ya ushindi huo umeshapotea njiani.

Jambo linalonisumbua zaidi ni nani atalipia mpira na tamthilia zetu. Mwaka 2021 Azam Media na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, walitia saini mkataba wa haki za kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka 10, wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Fedha hizo hufika hadi kwa klabu ndogo za mikoani ambazo mapato ya mlangoni hayatoshi hata basi la kwenda ugenini. Chanzo kikubwa cha fedha za namna hiyo ni vifurushi vya sebuleni. Tamthilia za Kiswahili za kila jioni nazo zinalishwa na chaneli za visimbuzi zinazohitaji kitu cha kumfanya mama alipe mwezi ujao. Kisimbuzi kikifa kabla intaneti haijapata njia ya kumlipa mwongozaji wa Dar, tutabaki na vipande vya dakika kumi vya YouTube na filamu za watu wengine.

Mtu atasema kampuni zenyewe za visimbuzi zimekwisha hamia kwenye programu za simu. Kweli, na ni busara. Ila programu nayo haikwepi bando.

Kuna pia suala la kutegemea waya mmoja kwa kila kitu. Jumapili ya Mei 12, 2024 mikonga ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikajikokota kwa siku kadhaa. Anayetazama kwa intaneti alitazama duara likizunguka. Uganda ilizimiwa intaneti siku za uchaguzi Januari 2021, na Tanzania Oktoba 2025. Siku kama hizo, ambazo mtu anahitaji habari kuliko tamthilia, ndizo runinga ya intaneti inapogeuka kuwa kioo cha kujitazama. Sisemi kwamba kinachorushwa hewani siku hizo kinatosha. Nasema afadhali kuwa na njia mbili.

Mimi nimerudi kwenye ukigeugeu wa makusudi. Ligi ikianza nalipia kisimbuzi, ligi ikisimama nakiacha kilale na dishi lake juu ya bati, filamu natazama kwa faiba. Dabi naitazama kwa dishi, bila mjadala.

Dada yangu Korogwe alinipigia akiuliza amnunulie mama kile kiboksi cha intaneti alichokiona kwa rafiki yake mjini, kinachoonyesha kila kitu. Nikamuuliza mama anatazama nini. Habari ya saa mbili, mahubiri ya Jumapili, na tamthilia moja ambayo jina lake huwa analikosea. Nikamuuliza intaneti nyumbani ipo? Ipo ya kwenye simu ya dada mwenyewe, naye huondoka nayo asubuhi. Tukakubaliana anunue kisimbuzi cha antena chenye chaneli za bure. Mama alilalamika kitu kimoja tu, kwamba rimoti ina vitufe vingi mno, na dada akavibandika vyote kwa plasta akamwachia vitatu.