Acheni Paa Likauke

Mtu anayetaka kuotesha majani juu ya nyumba yake hapa Tabora huanza kwa kuuliza apande nini. Swali zuri, ila limewahi mno. Mimi ningeanza na hili: mwezi wa tisa, jua linapowaka mpaka mbwa wanahamia uvunguni mwa magari, nani atakwea huko juu, na atafanya nini akifika? Jibu langu litawaudhi wanaopenda picha za mtandaoni. Akague midomo ya mabomba ya kutoa maji ya mvua, ashuke. Majani yaacheni yakauke.

Tuelewane kwanza. Nasema juu ya nyumba zenye slabu ya zege, zile za ghorofa moja moja zinazozidi kuonekana mjini. Kama umeezeka kwa bati, kenchi zako zilipigwa kubeba bati na kuhimili upepo, basi. Udongo wa shambani ukilowa, unene wa sentimita 10 tu una uzito wa kilo 160 hadi 200 kwa kila mita moja ya mraba. Hata hiyo slabu iwe imepigiwa hesabu na injinia ikiwa bado kwenye karatasi, kwa sababu zege likishakauka huwezi kulirudishia nondo.

Wala si jambo geni kwetu. Tembe ni nini kama si paa la udongo? Boriti, fito, nyasi, kisha udongo unaoshindiliwa juu mpaka paa linakuwa bapa. Nyumba aliyokaa Livingstone pale Kwihara mwaka 1872, baada ya yeye na Stanley kutoka Ujiji, hadi leo inaitwa tembe. Mzee mmoja wa huku Uyui alikulia kwenye nyumba ya namna hiyo. Nilimpa shikamoo yake, tukazungumza, nikamuuliza paa lao lilikuwa linadumu miaka mingapi. Akacheka. "Mjukuu wangu, halikuwa linadumu. Tulikuwa tunalirudia." Kila mwaka kabla ya mvua wanaume walipanda kuziba nyufa na kuongeza udongo. Mvua zikikolea, watoto walitumwa kung'oa majani yaliyojiotea, maana mzizi ukishapenya hufungua njia ya maji, na boriti ikishalowa mchwa hawako mbali. Kwake hiyo haikuwa gharama ya ziada. Ndiyo ilikuwa kuwa na nyumba.

Hata huko ughaibuni, paa la kijani lililozeeka vizuri lina mtu wa kulirudia. Zürich, nchini Uswisi, kuna mtambo wa kusafisha maji wa Moos, mtaa wa Wollishofen, uliojengwa mwaka 1914, mwaka uleule reli ya kati ilipofika Kigoma. Juu ya zege waliweka changarawe na udongo uliochotwa papo hapo ili maji yaliyo chini yasipate joto. Hawakununua miche, mbegu zilizokuwemo kwenye udongo ziliota zenyewe. Leo kule juu ni mbuga yenye aina zaidi ya 170 za mimea, pamoja na okidi ambazo mashambani jirani zimekuwa adimu. Na kazi yenyewe si kubwa: majani hufyekwa mara moja kwa mwaka na kuondolewa. Ila hufyekwa kila mwaka.

Tofauti ni kwamba Zürich mvua hunyesha miezi yote. Sisi, ikishakata mwezi wa tano, tunaisubiri mpaka wa kumi au wa kumi na moja. Hapo ndipo watu wanapoanza kubeba madumu. Jua la mwezi wa tisa pamoja na upepo wake linaweza kunyonya lita nne hadi tano kwa siku kwenye kila mita ya mraba ya majani mabichi. Paa la mita 60 za mraba litataka lita 240 hadi 300, yaani madumu 12 mpaka 15 ya lita 20, kila siku ya Mungu, kwa miezi mitano. Maji ya Ziwa Victoria yamevutwa kwa bomba kutoka mbali mpaka yakafika Tabora. Sidhani yaliletwa kunywesha nyasi juu ya sebule ya mtu.

Ukoka ukikosa maji hukauka juu, lakini mizizi yake inangoja. Mvua mbili tatu za kwanza zikipiga, utauona umerudi kabla hujamaliza kulalamikia tope. Shubiri na mkonge pori havina habari na kiangazi. Na udongo, hata ukiwa mkavu kama unga, bado unaikinga slabu na jua, kwa hiyo chumba cha chini kinaendelea kuwa na nafuu. Anayesema paa la kahawia halipendezi nampeleka barabarani mwezi wa nane, atazame pori lote kuanzia Urambo mpaka Sikonge, kisha aniambie ni nani aliyelimwagilia likakubali kuwa kijani.

Kukauka hakumaanishi kutelekeza, hapa nisieleweke vibaya. Kiangazi kwetu ndicho msimu wa moto wa porini, na cheche husafiri na upepo. Majani marefu yaliyokauka juu ya nyumba ni hatari. Kwa hiyo mwezi wa sita fyeka yote yabaki mafupi, yashushe, wape mbuzi wa jirani. Kuzunguka kingo zote za paa acha ukanda wa kokoto wa nusu mita usio na udongo wala jani. Ukanda huo unazuia moto, unaonyesha ukuta ulipo na unampa fundi mahali pa kukanyaga.

Sasa mabomba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mapaa mengi yanafia hapa. Kuna jengo mjini, silitaji, ambalo lilizinduliwa kwa picha na soda. Niliingia humo miaka michache baadaye kwa shughuli zangu. Dari ya ukumbi ilikuwa na madoa ya rangi ya chai, moja limezungukwa na jingine, kila mvua imeacha duara lake. Juu kulikuwa na ndago tupu, mpapai mmoja wenye afya kuliko ya bustanini kwangu, na kwenye mdomo wa bomba la kutoa maji mfuko wa plastiki uliojaa matope mpaka ukawa kama kizibo. Bomba lenyewe lilikuwa moja tu kwa paa zima.

Piga hesabu. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 50, ambayo Tabora inaweza kuimwaga mchana mmoja, inaweka tani tatu za maji juu ya paa la mita 60. Bomba likiziba na maji yakasimama sentimita 10, ni tani sita, na hapo hujaongeza udongo wenyewe uliolowa. Ndiyo maana nasema midomo iwe miwili au zaidi, kila mmoja uwe na wavu na uzungukwe na kokoto, na ukaguliwe mwezi wa kumi kabla ya mvua, kisha kila baada ya mvua kubwa. Ni kazi ya dakika kumi na ndoo moja.

Magugu yana msimu wake. Yang'oe mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza, udongo ukiwa laini. Ndago haiishi, nakubali, ila si adui mkubwa. Adui ni miti. Ndege na popo wanaleta mbegu za mikuyu, na huko Kigoma hata za michikichi. Mkuyu ukiukata kwa panga unachipua tena huku mzizi ukiendelea kutafuta ufa. Ung'oe ukiwa wa urefu wa kidole, wote na mzizi. Na jembe lisipande juu kamwe! Pigo moja linatoboa shiti ya lami, ile inayotandikwa chini ya udongo kuzuia maji yasiingie kwenye slabu, na tundu la jembe utalitafuta miaka miwili, kwa sababu maji yanaingia huku na kuvuja kule.

Haya yote hayafanyiki kama hakuna ngazi. Nimeona ramani zenye bustani ya paa iliyochorwa kwa rangi nzuri bila hata kidaraja cha kufikia. Mwenye nyumba anaazima ngazi ya jirani mara moja, mara ya pili anaona aibu, mara ya tatu haendi. Ngazi ya chuma iliyofungwa ukutani ni lazima iwemo kwenye bajeti ya mwanzo. Kama nyumba ni ya kupangisha, andika kwenye mkataba nani anapanda na mwezi gani. Ukiacha "tutasaidiana", mpangaji atamwachia mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko Dar es Salaam.

Shiti ya lami iliyofunikwa udongo haipigwi na jua, hivyo huishi muda mrefu kuliko iliyo wazi. Lakini siku yake itafika, na atakayefukua kuitafuta huenda ni mwanao na fundi ambaye leo bado yuko darasa la tatu. Piga picha kabla udongo haujamwagwa: kila mshono, kila mdomo wa bomba, kila kona, na futi kamba ikionekana. Zitoe kwenye karatasi, uzitie kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja. Fundi asipokupa nafasi ya kuzipiga, shikilia malipo yake ya mwisho.