Mlango Usiokula Matabishi

Goma hii, kupita popote ni kazi. Kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na beseni la nyanya: mstari. Kuteka maji: bidoni ya lita 20 imepangwa tangu alfajiri, ukigeuka kupiga chafya unaikuta ya mwisho. Umeme nao huja kama mjomba wa mbali, bila taarifa, na huondoka kabla maharagwe hayajaiva. Halafu unaambiwa hata ndani ya tumbo lako kuna mabarieri, vizuizi vya njiani!

Yapo kweli. Kila seli imezungushiwa utando wa mafuta. Oksijeni inajipitia tu, kama mtoto wa mkubwa. Glukosi na chumvi hazipiti mpaka protini iliyochomekwa kwenye utando ifungue. Maji nayo yana mlango wake, akwaporini: molekuli zinapita moja nyuma ya nyingine, na bado mlango mmoja unapitisha kama bilioni 3 kwa sekunde. Bilioni tatu, ndugu, na hakuna anayeruka mstari! Peter Agre wa Marekani alipewa Nobel ya kemia mwaka 2003 kwa kuugundua. Atakayegundua bomba la mtaani lisilokauka, naye apewe.

Wa kuhurumiwa ni pampu ya sodiamu, protini nyingine ya kwenye utando; sodiamu ndiyo nusu ya chumvi ya mezani, nusu nyingine ni kloridi. Inatoa sodiamu 3, inaingiza potasiamu 2, na kila mzunguko inalipa ATP 1, molekuli ambayo ndiyo sarafu ya nguvu ya seli. Usiku, mchana, Noeli. Ndiyo maana nje ya seli sodiamu ni karibu milimoli (kipimo cha wingi wa chembe) 145 kwa lita, na ndani kama 12 tu. Ikisimama, sodiamu inajaa ndani, maji yanaifuata, seli inavimba. Mdenmaki Jens Skou aliieleza mwaka 1957, Nobel ikamfikia 1997. Miaka 40! Hata mwalimu wa hapa angempa pole.

Sasa, ile sodiamu iliyofukuzwa nje inatamani kurudi. Kwenye utumbo mdogo inamkuta bawabu, protini inayoitwa SGLT1, mkaidi ajabu: sodiamu 2 na glukosi 1, mwingie pamoja. Sukari peke yake, rudi. Chumvi peke yake, rudi. Matabishi, yaani hongo, hali. Wakishaingia, maji yanawafuata.

Na hapa ndipo watu wanachosha. Kipindupindu, ambacho kando ya ziwa Kivu hakikosi nauli ya kurudi, kinatoa sumu inayoacha mfereji wa kloridi wazi. Kloridi inamwagika utumboni, sodiamu nyuma yake, maji nyuma yao, choo kinakuwa kama maji ya mchele. Lakini SGLT1 haijaguswa! Bawabu yuko kazini, anangoja wageni wake. Tunampelekea nini? Jirani, maji matupu. Baba mkwe anaamuru mgonjwa asinywe kitu, "ataharisha zaidi". Shangazi anafika na soda. Soda! Sukari imezidi, inabaki utumboni na kuvuta maji kutoka mwilini. Kuhara kunaongezeka, shangazi anasema ni uchawi.

Wageni wenyewe wamo kwenye pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, tena imeshapimwa: kwa lita 1, glukosi milimoli 75 na sodiamu milimoli 75. Si lita "kwa macho". Pakiti ikikosekana: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sawazisha kwa kisu. Hatukuomba mlima Nyiragongo juu ya kijiko. Onja: yakizidi chumvi ya machozi, mwaga, tengeneza mengine. Yakipita saa 24, mwaga pia. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha kidogo kidogo kwa kijiko.

Na ukishuku kipindupindu, usikae kubishana na ukoo: apelekwe kituo cha afya huku akinywa njiani, kwa moto (pikipiki), kwa chukudu ya mbao ya kusukuma, kwa mgongo. Akishindwa kunywa, au macho yakizama, anahitaji maji ya mshipani, na haraka.

Ile soda? Shangazi ataimaliza mwenyewe, "isiharibike". Tena ameuliza kama kuna ya baridi.