Mkasi wa vinasaba na kidonge cha selimundu

Mtoto aliyezaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, huwa mzima miezi yake ya mwanzo. Baadaye, anapokaribia nusu mwaka au kuupita, vidole vya mikono na miguu huweza kuvimba, akawa analia hata akiguswa tu. Kilichomlinda hadi hapo ni himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) aliyotoka nayo tumboni, ambayo haizipindi chembe nyekundu za damu mfano wa mundu. Ikishapungua, chembe zilizopinda huanza kuziba mishipa midogo.

Watafiti wanajaribu kuirudisha himoglobini hiyo kwa CRISPR, mkasi wa vinasaba uliowapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, haigusi kosa lenyewe la kijeni linaloleta selimundu. Inakata sehemu ya jeni ya BCL11A, ile inayoizima himoglobini ya tumboni, ili mwili uitengeneze tena. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walimaliza angalau miezi 12 mfululizo bila kubanwa na maumivu makali. Kwa aliyezoea kulazwa kila mara, hayo ni maisha mapya, na wanaoishangilia siwalaumu.

Ila njia yenyewe ni nzito. Seli shina, zile zinazozalisha chembe za damu, hutolewa, huhaririwa maabara, kisha mgonjwa hupewa tibakemikali kali ya kuusafisha uloto (ute wa ndani ya mifupa) kabla ya kurudishiwa seli zake. Dawa hiyo inaweza kumnyima uzazi. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na wagonjwa wengi duniani wako Afrika kusini mwa Sahara.

Ndiyo maana wapo wanaotaka fedha ziende kwenye haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya miaka mingi ambayo nayo huongeza himoglobini ileile. Hoja yao ina uzito: utafiti wa REACH, uliofanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria, hata vifo. Mimi ningeanza hapo, na kupima kila mtoto anapozaliwa. Lakini dawa hiyo humezwa kila siku, na si kila mwili unaiitikia vizuri. Tukisimamisha utafiti wa jeni, huyo ambaye dawa haimsaidii tunamwacha na maumivu yake. Watafiti wameshaanza kutafuta namna ya kuhariri seli zikiwa mwilini, bila tibakemikali. Fedha za utafiti ningezipeleka huko.