Si kila kuharisha kwa mtoto ni amiba

Hapa Goma, mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiharisha, jibu huwa tayari kabla hata hajabadilishwa nepi: ni meno, ni minyoo, au ni amiba. Famasi ya jirani inauza metronidazole, dawa ya amiba, bila kuuliza neno, na baada ya majuma machache mama yuko palepale kaunta. Inaniuma, kwa sababu mtoto anamaliza chupa baada ya chupa ya dawa chungu na hakuna aliyeuliza anakula nini.

Tuelewane kwanza. Tunaishi kando ya ziwa na kipindupindu tunakijua. Kuharisha kwa ghafla, damu kwenye choo, homa kali, macho kuzama, mtoto kutokojoa: hayo ni ya kukimbilia kituo cha afya siku ileile, na kumpa serumu ya kunywa (ORS) mkiwa njiani.

Ninayemsemea ni yule anayecheza vizuri, hana homa, lakini choo chake hakitulii. Mwangalie baada ya kikombe cha maziwa. Haichukui muda mrefu, tumbo linaanza kunguruma, linakaza kama ngoma, anajamba sana, kisha choo kinatoka kwa kishindo, cha maji, chenye povu na harufu ya uchachu. Matako yanawaka mekundu, kwa sababu choo hicho kina asidi. Sukari ya maziwa, laktosi, imemshinda kumeng'enya, na bakteria wa utumbo mpana wanaichachusha.

Mara nyingi chanzo ni ugonjwa uliopita. Kuharisha kukali huchubua ukuta wa utumbo mwembamba, pale pale panapotengenezwa laktasi, kimeng'enya kinachovunja laktosi, na kupona kwake huweza kuchukua majuma kadhaa. Ndipo mama, kwa huruma, anaongeza maziwa ya unga ili mtoto arudishe nguvu! Akienda maabara, hadubini haionyeshi laktosi. Inaweza kuonyesha amiba isiyo na madhara, inayofanana kabisa na ile ya hatari, na dawa inaandikwa tena.

Kwa maoni yangu, daftari la mama lina thamani kuliko kipimo hicho. Andika alichokula, saa, na choo kilivyokuwa. Usisahau juisi na sukre (soda), maana nazo zikizidi huharisha. Kisha, kwa ushauri wa muuguzi, ondoa maziwa ya ng'ombe kwa majuma mawili hivi, halafu uyarudishe kidogo kidogo. Dalili zikiondoka na kurudi pamoja na maziwa, umepata jibu. Ziwa la mama lisikatwe, hata kama bibi anasema limeharibika.

Wengi wa watoto walioshindwa na laktosi huvumilia mashanza (maziwa ya mgando) na jibini ya Masisi, kwani laktosi yake imepungua. Ila mtoto mwenye mzio wa protini ya maziwa ni habari nyingine: hutapika, hutoka upele, pengine choo kina damu, na mashanza hayamsaidii hata kidogo. Akivimba uso au kupumua kwa shida, ni hospitali mara moja.

Ninachoogopa zaidi ni familia kuondoa kila kitu kwa mkupuo: leo maziwa, kesho mayai, keshokutwa maharagwe. Mtoto anabaki na bugali na mchuzi mtupu, na sisi wa Kivu bwaki, utapiamlo wa kukosa protini, tunaijua kwa sura. Ondoa kimoja tu, na kiwe na mbadala wake siku hiyohiyo. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, waliokaushwa wakatwangwa na mifupa yao hutoa kalsiamu na protini. Wachanganye kwenye uji wa soya au kwenye mboga ya lengalenga (mchicha).

Na kwenu wauguzi wetu: kabla ya kuandika metronidazole ya mara ya tatu, muulizeni mama mtoto alikunywa nini asubuhi.