Namba Mbili Hana Makosa, Ni Vile Unamtuma

Jumamosi usiku tulikuwa kwa jamaa wetu huku Section 58, tunacheza DCS, ile gemu ya kompyuta ya kurusha ndege za kivita, misheni ya ramani ya Kaukazi, na msee mmoja akasimama akatupa hedifoni mezani akasema ati hizi ndege za kompyuta ni takataka, heri mtu aende vitani peke yake. Kisa? Namba mbili wake, yaani ile ndege ya kompyuta inayomfuata na kupokea amri zake, alikuwa ameangusha bomu juu ya vifaru vyetu wenyewe. Karibu kila mtu akaitikia. Mimi imeniuma, kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma yake na niliona kila kitu alichobonyeza.

Alifungua menyu ya redio, akamchagua namba mbili, akamwambia ashambulie vitu vya ardhini. Basi. Hakusema vitu gani, hakusema kwa silaha gani, hakusema aingie akitokea wapi. Sasa bana, ukimtuma mtoto soko la Wakulima na pesa mkononi umwambie tu lete vitu, akirudi na kabichi utamchapa kwa nini?

Na menyu iko na hizo vitu zote! Kuna ile amri ya kumwambia apige tageti yako, yaani ile uliyoifungia wewe mwenyewe na kamera, hapo hakuna kubahatisha. Na kuna ile nyingine ndefu ambayo watu huipita haraka kwa sababu wako na presha: unachagua aina ya tageti, unachagua silaha, halafu unachagua ashambulie kutoka upande gani. Huo upande ndio nataka tuongee, maana hapo ndipo watu wetu wanakufa.

Bomu likikosa, mara nyingi halikosi kwenda kando. Linakosa kwa urefu wa njia ya ndege, limeachiliwa mapema kidogo likaanguka nyuma, ama limechelewa likapita mbele. Kwa hivyo kama vifaru vyetu viko magharibi ya barabara na adui yuko mashariki, na ndege inakuja ikitoka magharibi, inapita juu ya vichwa vya watu wetu na kila bomu linaloachiliwa mapema ni letu. Ikija kutoka kaskazini ikifuata barabara, bomu hilo hilo likikosa linaanguka shambani au juu ya adui mwingine kwenye laini ya mapigano. Bomu ni lile lile, rubani ni yule yule, tofauti ni amri moja kwa menyu.

Hii si mambo ya gemu pekee. Julai 1944 kule Normandy, Jenerali Bradley alitaka ndege kubwa za Marekani zishambulie zikifuata ile barabara ya Saint-Lô kwenda Périers, ili zisipite juu ya askari wake. Zikaja zikikata barabara, juu ya askari. Moshi na vumbi vikafunika alama, mabomu mengine yakaanguka mapema, na tarehe 25 peke yake wakafa Wamarekani 111 kwa mabomu yao wenyewe, pamoja na Jenerali McNair aliyekuwa amekuja kuangalia. Hao walikuwa watu wenye akili timamu na mafunzo, si kompyuta. Ndio maana leo JTAC, yule askari wa ardhini anayeongoza ndege kwa redio, akimpa rubani mistari tisa ya shambulio, mstari wa 8 ni mahali askari wetu walipo, na rubani anarudia kwa sauti mwinuko wa tageti na mahali ilipo kabla ya kuruhusiwa kupiga. Nyinyi mnabonyeza tu mistari ipite ndio mfike kwa 1688, ile namba ya leza ya kuongoza bomu. Tafadhali, someni huo mstari wa 8. Chukua ramani, weka alama pale watu wetu walipo, halafu ndio uamue namba mbili aingie wapi.

Sawa, nakubali, kuna wakati anaudhi kweli. Anaweza kuzunguka juu ya Shilka, ile gari ya mizinga ya kupiga ndege, na kombora bado liko chini ya bawa, na anakunywa mafuta kuliko wewe. Lakini Shilka inafika kilomita mbili na nusu hivi, si ni wewe umemwambia atumie mizinga? Mwambie atumie kombora la Maverick apige kutoka mbali, akimaliza mwite arudi kwa fomesheni mara moja, usimwache huko akitafuta kazi nyingine.

Na mkiwa na ndege za F-16 zenye HARM, yale makombora ya kupiga rada, zitangulie. Kub, ule mtambo wa adui wa makombora ya kupiga ndege, inakufikia kutoka kilomita ishirini na kitu, Maverick yako haifiki huko, kwa hivyo usiingie na ndege ya A-10 halafu ndio uanze kuita msaada ukiwa tayari unakimbizwa na kombora. Omba mapema, ngoja rada yao ipigwe au izimwe, halafu ingia. AWACS nayo, ile ndege ya rada inayoona mbali, iulize kabla ya kuingia bonde, si baada ya MiG, ndege ya kivita ya adui, kukufikia.

Kitu kingine ni kwa wale jamaa wa Kisumu wanaotutengenezea misheni, kazi yenu tunaipenda sana, aki, lakini mnaweka vifaru vyetu na vya adui mita mia tatu kando ya kila mmoja na hakuna JTAC, hakuna moshi, hakuna chochote kwa briefing cha kuonyesha laini ya mapigano iko wapi. Wekeni moshi wa kijani kwa watu wetu, mwandike kwa briefing barabara inaelekea wapi, na mpatie ndege zetu nafasi ya kuzunguka mahali ambapo rada haifiki. Ile misheni ya daraja naomba irekebishwe hivyo kabla ya Jumamosi ijayo, na mimi niko tayari kukaa na yeyote kwa simu tupange hizo alama.