Ubatizo kwanza, Meza baadaye: hoja ya Wabaptisti wanaofunga Meza ya Bwana

Mkristo aliyebatizwa utotoni katika Kanisa la Kilutheri akihudhuria ibada ya Wabaptisti, na sinia la vikombe vidogo likampita kwa kuwa hajazamishwa majini, wengi watasema amedharauliwa. Lawama hiyo imewaandama Wabaptisti wanaofunga Meza, yaani wasiompa mkate na kikombe asiyebatizwa kwa kuzamishwa, tangu karne ya 17, na kwa sehemu kubwa inawaonea.

Upande wa pili una watetezi wazito. John Bunyan, mhubiri wa Bedford nchini Uingereza, mwaka mmoja tu baada ya kutoka gerezani, aliandika mwaka 1673 kwamba tofauti kuhusu maji zisimzuie mtu Mezani, maana aliyekwisha kupokelewa na Mungu hana sababu ya kukataliwa na ndugu zake. William Kiffin, mchungaji Mbaptisti wa London, alimpinga, lakini mwaka 1815 mhubiri Mbaptisti Robert Hall aliifufua hoja ya Bunyan kwa ufasaha mkubwa.

Joseph Kinghorn, mchungaji wa Norwich aliyemjibu Hall mwaka 1816, alionyesha jambo ambalo walaumu husahau: kwa karne nyingi makanisa mengine nayo yameshika kwamba ubatizo hutangulia Meza. Utaratibu ni ule ule. Kinachobishaniwa ni ubatizo wenyewe ni nini. Mbaptisti anaamini kwamba hubatizwa yule aliyekiri imani kwa kinywa chake mwenyewe, tena kwa kuzamishwa, na kwa hiyo maji aliyonyunyiziwa mtoto mchanga kwake si ubatizo wenye kasoro, bali bado si ubatizo. Anapotaka mtu abatizwe kwanza, hapimi imani ya mgeni wala hadai kwamba hajaokoka. Anafuata mpangilio wa Matendo 2:41-42, ambapo waliolipokea neno walibatizwa, kisha wakadumu katika kuumega mkate.

Meza ikifunguliwa, ubatizo unabaki na uzito gani? Mtu anaweza kushiriki mkate na kikombe miaka yote asizamishwe kamwe, na agizo moja la Bwana likageuka kuwa hiari huku la pili likitolewa bila sharti. Charles Spurgeon, mhubiri Mbaptisti wa London katika karne ya 19, alijaribu njia ya kati, akifungua Meza na kuuacha uanachama kwa waliozamishwa; lakini hapo anayestahili mwili na damu ya Bwana anaonekana hastahili kupiga kura katika kikao cha kanisa, na sijaona aliyelieleza hilo likaeleweka.

Kanisa la Kinghorn lenyewe lilifungua Meza baada ya kifo chake, wasioridhika wakaenda mahakamani, na mwaka 1860 wakashindwa. Hata hivyo ungamo la imani la Wabaptisti wa Kusini wa Marekani la mwaka 2000 bado linautaja ubatizo kuwa sharti la Meza, ingawa washirika wake wengi huliachia suala hilo dhamiri ya mgeni.

Kwa jambo moja Bunyan anawabana kwa haki: uchungu wa ndugu aliyepitwa ni wa kweli. Mchungaji anayefunga Meza amweleze mgeni sababu hizi mapema, kwa upole, kabla sinia halijaanza kuzungushwa.