Wazee wa rock huku na wazee wetu wa dansi nyumbani, nani kasema hawawezi tena

Nina mshkaji wangu wa kazini hapa Birmingham, kila zikitangazwa tiketi za bendi ya zamani anauliza swali lile lile, hivi hawa babu bado wanaweza kweli au tunaenda kuwaangalia tu kwa heshima. Nimeishi Uingereza miaka kumi na moja sasa, nimekulia Ilala, na swali hili nimelisikia pande zote mbili, maana hata nyumbani watu wanasema hivyo hivyo kuhusu wazee wa dansi, eti wamechoka, wapumzike, wawaachie vijana. Mimi nasema wanaweza. Wanaweza sana tu. Ila kuna mambo nimeyaona huku yamenifanya niwaonee uchungu wazee wetu na ndo nataka niyaseme leo.

Nianze na Hyde Park, London, tarehe 3 Julai 2022. Bendi ya rock ya Rolling Stones walikuwa wanatimiza miaka 60 tangu waanze 1962, mwimbaji wao Mick Jagger ana 78, mpiga gitaa Keith Richards 78, mwenzake wa gitaa Ronnie Wood 75, na mpiga drams wao Charlie Watts alikuwa amefariki Agosti ya mwaka uliotangulia. Alafu wiki tatu tu kabla Jagger alikuwa ameshikwa na korona wakaahirisha shoo ya Amsterdam watu wakiwa wameshaingia uwanjani. Kwa hiyo nilienda na wasiwasi, nikajua leo tutaona mtu anaburuza miguu. Yule mzee alikimbia jamani. Alikimbia kutoka upande huu wa jukwaa mpaka ule na akifika anaimba, hahemi kwenye maiki, na huyu ni mtu aliyefanyiwa operesheni ya vali ya moyo Aprili 2019 na Juni mwaka huo huo akawa jukwaani Chicago.

Ila mimi macho yangu yalikuwa kwa Keith. Kwenye skrini kubwa walivuta kamera mpaka kwenye vidole vyake, ukaona viungo vimevimba, vidole vimepinda, maana ana yabisi na mwenyewe ameshasema wazi kwamba imembadilishia upigaji wake. Na ukisikiliza unaona kweli, anapiga nota chache, anaacha nafasi, anagusa mara mbili alafu anasubiri, na Ronnie anaingia pale pale kwenye ule upenyo. Sikusikia pengo. Nilisikia watu wawili waliokaa pamoja tangu miaka ya sabini, mmoja anajua mwenzake hawezi kufika wapi na anafika yeye kwa niaba yake.

Alafu katikati ya shoo Jagger akaondoka. Keith akachukua maiki akaimba nyimbo mbili. Baadae nikaja kujua ndo utaratibu wao wa miaka mingi, kila shoo Keith anaimba mbili, na mwenzake anapata dakika kama kumi za kukaa, kunywa maji, kubadilisha shati na kurudisha pumzi. Nikasema aha, kumbe. Hii mbona naijua, hii ni dansi hii.

Maana nilipokuwa sekondari mjomba wangu alikuwa ananipeleka ukumbi wa DDC Kariakoo kuwaona bendi ya Sikinde, na kitu cha kwanza nilichokiona ni ule mstari wa waimbaji mbele, wanne au watano, kila mmoja na beti lake. Mzee anaimba lake, anarudi nyuma, vijana wanabeba kiitikio, wimbo ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kuchangamka, anayecheza na kupiga kelele za kuchangamsha ni mwingine kabisa mwenye magoti mazima, mzee yuko nyuma ya spika kwenye kiti cha plastiki na taulo shingoni anasubiri zamu yake. Hakuna mtu mmoja anayebeba usiku mzima. Dansi yetu ilishalijibu swali la uzee tangu zamani kwa jinsi bendi ilivyopangwa, huku rock walimweka mtu mmoja mbele akapige mayowe akiwa na miaka 25 wakasahau kwamba siku moja atakuwa na 75.

Na sauti ndo inazeeka kwanza, tusidanganyane. Nyuzi za sauti zinapoteza ule mnyumbuko, misuli yake inapungua, mapafu hayajai kama zamani, kwa hiyo nota za juu zinaondoka na nota ndefu zinakatika njiani. Mpiga gitaa anaweza kujificha ndani ya bendi, mwimbaji hawezi. Paul McCartney wa Beatles alipopiga tamasha la Glastonbury tarehe 25 Juni 2022, wiki moja baada ya kutimiza miaka 80, nilimwangalia kwenye TV mwanzo mpaka mwisho, karibu masaa matatu, na sauti ilikuwa imekwaruza, sehemu nyingine inatetemeka kabisa, lakini aliimba mwenyewe na ule mkwaruzo kwenye nyimbo za huzuni ukawa na uzito ambao kijana hawezi kuwa nao. Bendi nyingi wanashusha kii, yaani kimo cha sauti ya wimbo, nusu toni au toni nzima, mzee aimbe anapofika. Wapo mashabiki wanaolalamika eti wimbo sio ule. Mimi nasema ushushwe hata toni mbili, kuliko playback, ile sauti iliyorekodiwa. Hiyo playback ndo siwezi kuisamehe, kuna bendi moja ya miaka ya themanini nililipia pesa yangu nikaona kabisa mdomo umefunga na sauti inaendelea, nikatoka kabla ya nusu. Mtu akikosa nota mbele yangu namheshimu, kanipa alichonacho.

Sasa nije kwenye kilichoniuma.

Mara ya mwisho nimerudi Dar nilienda kuona bendi moja ya wazee, sitaitaja. Ukumbi umejaa, watu wamependeza, vyombo vinapigwa safi, solo inalia vile vile ya utotoni mwangu. Akasimama mzee mmoja mwimbaji kuimba beti lake na beti la kwanza likaenda nje ya kii kabisa. Vijana kwenye meza ya jirani wakacheka, mmoja akasema huyu babu kaisha. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na jukwaa nikaona wanachoshindwa kuona wao: mbele ya yule mzee hakuna monita. Zile spika za chini zinazomwangalia mwimbaji ilikuwepo moja tu, imeelekezwa kwa mpiga kinanda, na nyuma yake kuna drams na tumba na wapulizaji. Ameziba sikio moja na kiganja. Anatafuta sauti yake mwenyewe ndani ya yale makelele na haipati, na kila fundi mitambo akimwongezea, spika zinapiga mluzi, anapunguza tena. Beti la tatu muziki uliposhuka, gitaa na besi tu, yule mzee akaimba nota kwa nota, imenyooka, mpaka mama mmoja akainuka na kwenda kumtuza.

Baada ya shoo nikamfuata, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza, "Ulisikia vizuri kule?" Nikamwambia nilisikia mzee wangu. Akasema, "Haya. Mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu leo."

Sasa chukua hiyo uweke pembeni ya Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya rock ya AC/DC. Mwaka 2016 masikio yake yaliharibika mpaka madaktari wakamwambia akiendelea na viwanja vikubwa atakuwa kiziwi kabisa, akaacha ziara katikati, Axl Rose wa Guns N' Roses akamalizia kuimba. Watu wakasema basi, ana miaka 68 huyo, kwisha. Huku nyuma akapata mtaalamu wakatengeneza vifaa vya kumsaidia kusikia jukwaani, na Mei 2024 yule mzee akiwa na 76 akasimama Ujerumani, Gelsenkirchen, wakaanza ziara ya viwanja Ulaya nzima. Ugonjwa ule ule wa yule mzee wetu wa Dar, kutojisikia. Mmoja amepewa dawa, mwingine anaziba sikio na kiganja.

Na sio vifaa peke yake. Stones wakipiga masaa mawili wanapumzika siku kadhaa ndo wanapiga tena. Ziara yao ya Marekani ya 2024 ilidhaminiwa na AARP, chama cha watu wa miaka 50 na kuendelea, yaani jamii imekaa ikaona uzee ni soko na ni heshima pia. Wazee wetu wanaanza saa tatu usiku wanaenda mpaka saa tisa alfajiri, kesho tena, keshokutwa bonanza la Jumapili mchana juani. Muweke Jagger kwenye ratiba hiyo uone kama atamaliza wiki. Kwa hiyo mtu akiniambia wazee wa huku Ulaya wana afya kuliko wetu nakataa, tuwapime kwa saa walizosimama jukwaani, utaona wenye nguvu ni akina nani.

Na msiniambie hatuna uwezo, maana tulishawahi kufanya. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vya chama, wanamuziki wameajiriwa na mshahara wa mwezi kama watumishi wengine. Ule mpango ulizaa muziki tunaousikiliza mpaka leo. Alafu tukaangalia unavyokwisha. Mzee Muhidin Gurumo, mwimbaji wa bendi hiyo, mwaka 2013 alipostaafu alikuwa na zaidi ya miaka 50 kwenye muziki, na gari alilopata lilikuwa zawadi kutoka kwa Diamond, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Nilimshukuru sana yule kijana na nilifurahi, ila usiku ule sikulala vizuri, nikawa nawaza nyimbo zote zile redioni miaka yote ile, hela ilikuwa inaenda wapi. Aprili 2014 mzee akatutoka.

Kuna kitu kimoja lakini huku hawanacho na nawaambiaga hawa washkaji zangu. Kwao bendi ni majina. Charlie Watts alipofariki akaingia Steve Jordan, mpigaji hatari, na bado kuna watu waliapa hawaendi tena kwa sababu sio ile bendi. Bendi ya Genesis mwaka 2022, mpiga drams na mwimbaji wao Phil Collins hawezi tena kushika fimbo za drams, akaimba amekaa kwenye kiti na nyuma kwenye drams yuko mtoto wake Nic, na shoo ile ya London tarehe 26 Machi ndo ikawa ya mwisho, bendi imefungwa. Msondo haifungwi. NUTA imekuwa JUWATA, imekuwa OTTU, imekuwa Msondo Ngoma, akafariki TX Moshi William 2006, Gurumo 2014, Shaaban Dede 2017, na kila mara anakuwepo mtu aliyekaa pembeni ya marehemu miaka kumi anamwitikia, anajua mpaka pale alipokuwa anavutia pumzi. Huku hilo hawalielewi, inabidi nilieleze kwa mfano wa timu ya mpira, wachezaji wanaisha Yanga inabaki, ndo wananielewa. Mzee kwenye bendi yetu anaweza kuimba nyimbo tatu tu usiku mzima na hakuna aliyeibiwa kiingilio.

Na hili la kukaa kwenye kiti mtu asilione aibu. Tarehe 5 Julai 2025 Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya Black Sabbath, aliaga hapa hapa Birmingham, uwanja wa Villa Park, mtaa aliokulia, ugonjwa wa Parkinson umemshika hawezi kusimama, akaimba amekaa kwenye kiti kikubwa kama cha mfalme, na wale wanne wa mwanzo wa Black Sabbath pamoja naye. Siku 17 baadae akafariki. Nilipita Broad Street nikakuta maua yamefunika lile daraja lenye jina la bendi yao, watu wazima wanalia. Nota hazikuwa zote mahali pake siku ile na hakuna niliyemsikia akilalamika. Mimi nilimkumbuka Bi Kidude, aliyeimba mpaka uzee ule ambao hata miaka yake hakuna aliyeijua vizuri, sauti nzito, imekauka, na ukimsikia husemi kazeeka, unasema huyu ndo mwenyewe.

Kwa hiyo mshkaji wangu akiniuliza tena nitamwambia nunua tiketi. Na mimi nimeshanunua kitu kingine, zile spika za kuchomeka masikioni pamoja na kipokeo chake cha kuvaa kiunoni, seti mbili, sio mpya ila nimezijaribu na fundi mitambo mmoja hapa, zinafanya kazi vizuri. Zipo kwenye sanduku juu ya kabati. Kuna dada anasafiri kwenda Dar mwezi ujao ameahidi kunibebea, na mjomba ameshaambiwa azipeleke kwa mzee yupi.